Kupima taswira ya mwili na ulaji uliovurugika kwa wanafunzi wa vyuo vikuu China: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila muhula kutoka kwa wanafunzi wa saikolojia, lishe na afya ya jamii, hasa wale wanaosoma tafiti za China au wanaosomea hukohuko na wamekabidhiwa data waichambue. Mwenye haraka aanze na swali la 5, la 9 na la 12. Hapo ndipo wengi hukwama.

## Mambo ya msingi

1. Kutoridhika na mwili, ulaji uliovurugika na ugonjwa wa ulaji: si kitu kimoja?

Hapana. Kutoridhika na mwili ni mawazo na hisia: msichana anajitazama kwenye kioo cha bweni na kuyachukia mapaja yake. Ulaji uliovurugika ni tabia: kuruka milo makusudi, kula kwa pupa mpaka mtu ashindwe kujizuia, kujitapisha, kunywa dawa za kuharisha, kuzunguka uwanja usiku ili kulipia chakula cha jioni. Ugonjwa wa ulaji, kama anoreksia (kujinyima chakula hadi kukonda kupita kiasi), bulimia (kula kwa pupa kisha kujaribu kukifidia, kwa mfano kwa kujitapisha) au ugonjwa wa kula kwa pupa, hutambuliwa na daktari au mwanasaikolojia baada ya mahojiano, kwa kufuata vigezo kama vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, ya mwaka 2013.

Madodoso hupima mawili ya kwanza na kulikisia la tatu. Ukisoma makala inayosema "asilimia fulani ya wanafunzi wana ugonjwa wa ulaji", tazama kwanza kama kuna mtu aliyehojiwa. Kama hakuna, sentensi hiyo imevuka mpaka wa data yake.

2. Kwa nini wanafunzi wa vyuo vikuu wa China wanapimwa sana?

Tuseme ukweli: sababu mojawapo ni urahisi. Mhadhiri ana darasa la watu mia mbili, anatuma kiungo, jioni data imejaa.

Lakini zipo sababu za maana. Magonjwa haya huanza mara nyingi ujanani, na mwaka wa kwanza chuoni kijana huwa ametoka tu kwenye gaokao, mtihani mkubwa wa kuingia chuo kikuu, anakula bwaloni badala ya nyumbani, na analala chumba kimoja na wenzake watatu, watano au zaidi wanaouona mwili wake kila siku. Juu ya hayo kuna simu. Mwaka 2016 wasichana walikuwa wakijipiga picha wameshika karatasi ya A4 wima mbele ya kiuno. Kiuno kikifichika nyuma ya sentimita 21 za karatasi, umefaulu. Mwaka mmoja kabla yake watu walikuwa wakipanga sarafu juu ya mtulinga kuonyesha ulivyojitokeza. Kufikia 2020 mtindo uliovuma ulikuwa wa nguo za saizi moja ndogo, na chati ilizunguka mitandaoni ikionyesha msichana wa urefu fulani awe na kilo ngapi ili zimkae.

Tena kuna kazi. Wasifu wa kuombea kazi nchini China kwa kawaida hubandikwa picha, na wengine huandika hata urefu wao. Anayejali sura yake mwaka wa nne huenda anajali mshahara.

3. Si tungechukua mizani tu na kukokotoa BMI?

BMI hukuambia uzito wa mtu ukilinganishwa na urefu wake. Haikuambii anajionaje wala anakula vipi. Mwenye bulimia anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa kwa miaka.

Hata hiyo BMI yenyewe ina mipaka zaidi ya mmoja. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu uzito uliozidi kwenye 25 na unene wa kupindukia kwenye 30. China hutumia 24 na 28. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye 24.5 ni mnene kidogo mjini Chengdu na ni wa kawaida akipanda ndege.

Upande wa wembamba ndiko mambo yanakokuwa ya kushangaza. Mitandaoni kuna msemo kwamba mwanamke mzuri hazidi jin 100. Jin moja ni nusu kilo, kwa hiyo ni kilo 50. Kwa msichana wa mita 1.60, kilo 50 ni BMI ya 19.5, hakuna shida. Kwa msichana wa mita 1.70 ni 17.3, chini ya mpaka wa kimataifa wa 18.5. Sasa huyo wa pili anakwenda kwenye upimaji wa afya ya mwili ambao vyuo vyote hufanya kila mwaka, pamoja na mbio za mita 800 na kuruka chini. Kwa viwango vilivyorekebishwa mwaka 2014, BMI ina asilimia 15 ya alama zote, na kwa wasichana wa chuo kikuu "kawaida" huanzia 17.2 hadi 23.9. Anapata alama kamili. Mwenzake mwenye 24.1 anakatwa. Usimshangae huyo aliyekatwa akijaza dodoso lako la kutoridhika na mwili kwa hasira.

## Madodoso yenyewe

4. Ni madodoso gani hutumika zaidi?

Karibu yote yanayokutwa kwenye makala yalizaliwa kwa Kiingereza, yakatafsiriwa.

EAT-26 ya David Garner na wenzake wa Toronto, iliyofupishwa mwaka 1982 kutoka ile ndefu ya 1979, ndiyo inayokutwa mara nyingi. EDE-Q ya Fairburn na Beglin, ya mwaka 1994, huuliza kuhusu siku 28 zilizopita: kujizuia kula, wasiwasi kuhusu kula, kuhusu umbo na kuhusu uzito, kwa alama 0 hadi 6. Ina toleo fupi la maswali 12 linalouliza siku 7 tu, nalo linapendwa kwa sababu hakuna anayekumbuka vizuri alichokula wiki nne nyuma. SCOFF ya 1999 ina maswali matano ya ndiyo au hapana. EDI, iliyoanza 1983, ni ndefu, na toleo lake la tatu hununuliwa.

Kwa taswira ya mwili kuna dodoso la umbo la Cooper na wenzake la 1987, lenye maswali 34 yaliyoandikwa kwa ajili ya wanawake, na kipimo cha kuthamini mwili cha Tylka na Wood-Barcalow cha 2015, chenye sentensi kumi. Hiki cha mwisho hupima upande mzuri, yaani mtu anavyouheshimu mwili wake. Kukosa chuki si sawa na kuwa na heshima, kwa hiyo usigeuze alama zake kichwa chini ukaziita "kutoridhika".

5. EAT-26 huhesabiwaje, na alama 20 ina maana gani?

Kila swali lina majibu sita, kuanzia "daima" hadi "kamwe". "Daima" hupata 3, linalofuata 2, la tatu 1, na matatu yaliyobaki yote ni 0. Swali moja, la kufurahia kujaribu vyakula vipya vilivyokolea mafuta na sukari, hugeuzwa. Jumla ya juu kabisa ni 78, na anayefika 20 anastahili kuonwa na mtaalamu. Hiyo tu ndiyo maana yake: aonwe. Haisemi anaumwa nini.

Kosa linalojirudia ni kuingiza majibu kwa 1 hadi 6, kujumlisha, kisha kuuliza ni wangapi wamevuka 20. Kwa hesabu hiyo, anayejibu kwa namba ya chini kabisa kila mahali ana 26. Chuo kizima kinaugua! Namba 1 hadi 6 zinafaa kwenye uchanganuzi wa vipengele (njia ya kitakwimu ya kuona ni maswali gani yanakwenda pamoja), ambapo unahitaji majibu yatawanyike. Mpaka wa 20 hufanya kazi kwa 3-2-1-0-0-0 tu. Makala isiyoeleza imetumia ipi, isome kwa mashaka.

6. SCOFF ni fupi na nzuri. Kwa nini watu wanailalamikia?

Kwa sababu ya jiwe. Swali la tatu linauliza kama umepungua "stone" moja katika miezi mitatu, kipimo cha Kiingereza cha ratili 14, sawa na kilo 6.35. Mchina hupima mwili kwa jin, na kilo 6.35 ni jin 12.7. Hakuna mtu anayefikiri kwa jin 12.7, kwa hiyo mtafsiri lazima azungushe namba, na kila mmoja huizungusha kivyake.

Kubwa zaidi ni uwiano. Kwa Mwingereza wa kilo 80, upungufu huo ni kama asilimia 8 ya mwili. Kwa msichana wa kilo 50 ni karibu asilimia 13, yaani amepungua sana kabla swali halijamnasa. Ukitumia SCOFF, andika wazi ni kilo au jin ngapi ulizoweka.

7. Je, kuna kipimo kilichotengenezwa China kwenyewe?

Kipo, na kinastahili kujulikana kuliko kinavyojulikana. Hong Chen, Todd Jackson na mwenzao walichapisha mwaka 2006 kipimo cha kujiona vibaya kimwili, kwa vijana wa Kichina wa shule na vyuo. Kina sentensi 48 katika mafungu matano: sura ya jumla, uso, ufupi, unene na wembamba.

Tazama mafungu hayo. Dodoso la Toronto au Uingereza huuliza mapaja, tumbo, makalio. Mwanafunzi wa Chongqing anaweza kuwa hana neno na mapaja yake, lakini amelala akiwaza uso wake mpana, macho yake, weupe wa ngozi, au kwamba ana mita 1.64 na ni mvulana. Ukimpa dodoso la unene peke yake atatoka na alama ndogo, nawe utaandika kwamba ameridhika. Fungu la wembamba nalo ni muhimu, kwa sababu wapo wengi, hasa wavulana, wanaotamani kuongezeka (tazama swali la 16).

Nikiulizwa nichague kimoja tu kwa utafiti wa taswira ya mwili ndani ya China, ningekianza hiki kabla ya kigeni chochote.

8. Na zile picha za maumbo, kutoka mwembamba hadi mnene?

Safu maarufu ya picha tisa ilitoka kwa Stunkard na wenzake mwaka 1983. Unachagua ulivyo na unavyotaka kuwa. Tofauti ndiyo alama yako. Ni rahisi na haihitaji tafsiri. Lakini michoro ni ya miili ya Wazungu, hatua kati ya picha na picha hazilingani, na mkono wa mtu mwingine ndio uliochora "kawaida". Itumie kama nyongeza, si kama kipimo kikuu.

## Tafsiri na takwimu

9. Dodoso likitafsiriwa vizuri, si kazi imekwisha?

Hapo ndipo kazi inapoanza. Utaratibu wa kawaida ni mtu mmoja kutafsiri, mwingine asiyeona asili kulirudisha kwenye Kiingereza, kisha jopo kulinganisha. Utaratibu huo hunasa maneno yaliyopotoka. Haunasi maisha yaliyo tofauti.

Chukua EAT-26. Swali moja linauliza kama unakata chakula vipande vidogovidogo. Kwenye meza ya kisu na uma, hiyo ni dalili: mgonjwa anahangaika na kipande cha nyama asije akakila. Kwenye bwalo la chuo cha China nyama imekwisha kukatwa jikoni, na mkononi una vijiti. Swali linabaki halina kazi. Wengi hujibu "kamwe", wengine hushangaa linauliza nini.

Maswali mengine matatu yanauliza kama watu wangependa ule zaidi, kama wanakulazimisha kula, na kama wanakuona umekonda mno. Mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina, bibi akimwekea kipande cha tatu cha samaki bakulini kwa vijiti vyake mwenyewe, atajibu "daima" kwa yote matatu bila ugonjwa wowote. Amepata alama tisa, karibu nusu ya njia kuelekea 20, kwa sababu anapendwa.

Na lile swali la kuepuka wanga, wali ukiwa mmojawapo? Huko ambako wali na tambi ndicho chakula chenyewe, kuviacha ni hatua nzito kuliko kuacha mkate London. Jibu lilelile, uzito tofauti.

Dawa yake si kuyafuta maswali kimyakimya. Kaa na wanafunzi kumi au kumi na watano, waulize walielewa nini kila swali na kwa nini walijibu walivyojibu, kabla hujatuma kiungo kwa elfu moja.

10. Alfa ya Cronbach ni 0.88. Kipimo changu ni halali?

Alfa inasema maswali yanakwenda pamoja. Haisemi yanakwenda wapi. Ukiuliza jambo moja kwa njia ishirini, alfa itapanda juu hata kama jambo lenyewe silo.

Baada ya alfa (au omega, ambayo wengi sasa huipendelea) onyesha angalau mambo matatu: mafungu ya maswali yanajitokeza kama yalivyotarajiwa, alama hazirukiruki mtu akipimwa tena baada ya wiki mbili au tatu, na zinahusiana na vitu vinavyopaswa kuhusiana navyo, kama tabia halisi za kula au msongo wa mawazo. Kwa mafungu, watu hutaka CFI ya 0.90 au 0.95 kwenda juu na RMSEA isiyozidi 0.08 au 0.06, namba mbili zinazoonyesha mpangilio wako unavyolingana na data. Usizigeuze kuwa amri za Musa.

Tahadhari moja ya EDE-Q: mafungu yake manne yamekuwa yakigoma kujitokeza katika data za nchi nyingi, China ikiwemo. Mara nyingi toleo lililopunguzwa hadi maswali saba hukaa vizuri zaidi. Kama umetumia yote 28, alama ya jumla ni salama kuliko kuandika aya nne juu ya mafungu ambayo data yako haiyatambui.

11. Wasichana wangu wamewazidi wavulana kwa alama nane. Niandike kwamba wana matatizo zaidi?

Si kabla ya kuhakikisha kwamba dodoso linapima kitu kilekile kwa makundi yote mawili. Huo ni upimaji wa ulinganifu, na una ngazi: mpangilio wa mafungu uwe mmoja, kisha uzito wa kila swali, kisha mahali linapoanzia. Ngazi ya tatu ndiyo inayokuruhusu kulinganisha wastani. Kanuni inayotumika sana ni kwamba CFI isishuke zaidi ya 0.01 unapopanda ngazi.

Hilohilo linahusu kulinganisha Wachina na Wamarekani, au watu wa bara na wa Hong Kong. Kuna pia tabia ya kujibu: wanafunzi wa Asia Mashariki, kwa wastani, huchagua jibu la katikati zaidi ya wale wa Marekani. Kwenye EAT-26, ambapo majibu matatu ya chini yote ni sifuri, tabia hiyo pekee inaweza kushusha asilimia ya waliovuka 20.

12. Kwa nini utafiti mmoja unasema asilimia 3 na mwingine asilimia 15?

Mara nyingi kwa sababu mmoja umehesabu ugonjwa na mwingine umehesabu alama. Hesabu hii uifanye mwenyewe mara moja, hutaisahau.

Wanafunzi 1,000, 30 wana ugonjwa wa ulaji. Dodoso ni zuri: linawanasa asilimia 90 ya wagonjwa na kuwaacha asilimia 90 ya wazima. Kati ya 30 litawanasa 27. Kati ya wazima 970 litawanasa kimakosa 97. Waliovuka mpaka ni 124, na wagonjwa kati yao ni 27, zaidi kidogo ya mmoja katika watano. Anayeripoti waliovuka ataandika asilimia 12.4. Aliyewahoji wote 124 ataandika 2.7. Chuo ni kimoja, wanafunzi walewale.

Ndiyo maana tafiti za hatua mbili zina thamani kubwa: dodoso kwa wote, mahojiano ya kitabibu kwa waliochujwa. Mfano mzuri ni wa Wuhan, uliochapishwa 2014, kwa wanafunzi wa kike zaidi ya 8,000. Ulikadiria anoreksia asilimia 1.05, bulimia 2.98 na ugonjwa wa kula kwa pupa 3.53. Ukitaka namba ya kunukuu kuhusu ugonjwa, anzia kwenye tafiti za aina hii. Na kumbuka kutaja kwamba ni wasichana, wa mji mmoja.

## Kukusanya data

13. Wanafunzi hujibu ukweli?

Inategemea nani ataona. Dodoso siku hizi hutumwa kwa kiungo cha Wenjuanxing, tovuti ya madodoso, ndani ya kundi la darasa la WeChat, na mara nyingi kuna bahasha nyekundu ya pesa kidogo kwa anayemaliza. Wengine humaliza maswali 80 kwa dakika moja na nusu. Weka swali la mtego ("chagua jibu la pili hapa"), angalia muda, na uwatoe walioandika jibu moja kutoka juu hadi chini.

Uongo wa makusudi ni jambo jingine. Kila mwanafunzi wa China ana fudaoyuan, mlezi wa darasa anayeshughulika na mambo yake kuanzia bweni hadi ada. Kiungo kikitumwa na fudaoyuan, mwenye tabia ya kujitapisha hataandika. Anaogopa kuitwa ofisini, anaogopa simu kwa wazazi. Kitume kutoka nje ya mfumo huo, usiombe namba ya mwanafunzi usipoihitaji, na sema wazi nani ataona majibu.

14. Chuo tayari kinawapima wanafunzi wapya afya ya akili. Kwa nini tusichukue data hiyo?

Kwa sababu haiulizi. Vyuo vingi vimetumia SCL-90, dodoso la jumla la dalili za akili, na kati ya maswali yake 90 ni machache tu yanayogusa kula, kama kukosa hamu ya kula na kula kupita kiasi. Kuhusu umbo au hofu ya unene, hamna kitu.

## Kesi za pembeni

15. Mtu hali, anakonda, lakini anasema haogopi unene. Dodoso linamwona?

Mara nyingi halimwoni, na hili ndilo jambo kubwa ambalo utafiti wa Kichina umeufundisha ulimwengu. Daktari Sing Lee na wenzake huko Hong Kong walichapisha mwaka 1993 taarifa za wagonjwa 70 wa Kichina wenye anoreksia. Arobaini na mmoja kati yao, asilimia 58.6, hawakuonyesha hofu ya unene wakati wote wa ugonjwa. Walisema tumbo limejaa gesi, hawana hamu, au wanakula kidogo tu basi.

Sasa mpe mtu huyo dodoso ambalo nusu ya maswali yake ni "naogopa kunenepa". Anatoka na alama ya mtu asiye mgonjwa, huku nguo zinamvuka. DSM-5 ya 2013 iliongeza kwamba tabia ya kuendelea kuzuia uzito usipande inatosha hata kama hofu haitamkwi, na ikaweka utambuzi wa pekee kwa watu wanaoepuka au kubagua chakula bila kujali umbo. Madodoso mengi, hata hivyo, ni ya kabla ya hapo. Ongeza maswali kuhusu kushiba upesi, gesi na kukosa hamu, na upime uzito kwa mizani usitegemee kuambiwa.

16. Wavulana wanaotaka misuli wapimwe na nini?

Si EAT-26 peke yake. Mvulana anayekula ute mweupe wa mayai manane, anaacha harusi ya dada yake kwa sababu chakula hakijapimwa, na anafadhaika akikosa mazoezi siku moja, anaweza kupata alama 4. Kipimo cha McCreary na Sasse cha mwaka 2000 huuliza hamu ya misuli kwa maswali 15. Kingine cha 2019, nacho cha maswali 15, huuliza ulaji unaolenga misuli. Vyote vimejaribiwa kwa Kichina. Lakini usiwasahau wavulana wanaotaka kukonda: nyota wengi wa kiume wanaopendwa China ni wembamba, weupe, na wa nyuso laini, na mashabiki wao ni wanafunzi haohao.

17. Mimi ni Mwislamu kutoka Mombasa, nasoma Guangzhou, na nilijaza dodoso mwezi wa Ramadhani. Alama yangu ina maana?

EAT-26 ina swali la kujizuia kula ukiwa na njaa. Ukiwa umefunga, jibu la kweli ni "daima", na hapo umepewa alama tatu za ibada. EDE-Q ni makini zaidi: inauliza kama umekaa saa nane au zaidi za macho bila kula *ili kubadili umbo au uzito wako*, kwa hiyo swaumu haihesabiki. Tatizo hilohilo linawakuta Wachina wa kabila la Wahui, ambao ni Waislamu, na wanafunzi Wabudha wasiokula nyama. Mtafiti mwerevu hakusanyi data mwezi huo, au anauliza kuhusu funga na kuandika. Kuna upande wa pili pia: mtu mwenye ugonjwa anaweza kujificha ndani ya swaumu. Muulize anajisikiaje ikifika futari. Anayeiogopa futari anahitaji kusikilizwa.

18. Naweza kuchukua matokeo ya China nikayalinganisha na ya Dar es Salaam au Nairobi?

Tazama swali la 11. Na kabla ya hapo, kaa na wanafunzi wa huku uulize kinachowasumbua. Huenda ukakuta makalio, rangi ya ngozi na nywele, ambavyo hakuna dodoso kati ya hayo ya juu linaloviuliza ipasavyo.

19. Nilijaza dodoso la utafiti na nikapata zaidi ya 20. Au: mwenzangu wa bwenini ndiye ninayemwogopea. Nifanye nini?

Kwanza, soma tena swali la 12. Alama ya juu ni sababu ya kuonwa, si hukumu. Nenda kituo cha ushauri nasaha cha chuo ueleze unavyokula na unavyolala, bila kutanguliza namba. Kwa huduma ya kitaalamu zaidi, Hospitali ya Sita ya Chuo Kikuu cha Peking mjini Beijing na Kituo cha Afya ya Akili cha Shanghai vina wataalamu wa magonjwa ya ulaji.

Kwa mwenzako, zungumza naye mkiwa wawili, mbali na meza ya chakula. Usimwambie amekonda, kwa mtu mwenye shida hii hiyo inaweza kuwa sifa. Mwambie ulichokiona: "Nimeona hushuki bwaloni na wenzako siku hizi, na usiku husinzii." Akikukatalia, rudi siku nyingine. Lakini akizimia, akilalamika moyo kwenda mbio, akitapika mara kwa mara, au akisema hataki kuishi, usisubiri ridhaa yake: mpeleke hospitali usiku huohuo au piga 120, namba ya gari la wagonjwa kote China.